Mpeni karani mahali pa kuandika "sijui"

Haya wasomaji, leo nimeamka na hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna maneno mawili yaliyonichosha masikio: "mtambo umekataa". Kijana akienda kuomba kitambulisho anaambiwa mtambo umekataa. Nyanya akienda kutibiwa anaambiwa mtambo umekataa vidole vyake. Mama mboga akifuatilia leseni, vivyo hivyo. Na watu wanaitikia kwa kichwa na kurudi nyumbani, maana utabishana vipi na mtambo?

Mimi riziki yangu naipata kwa kuandika programu, kwa hivyo niruhusuni niseme jambo ambalo sisi wa kazi hii tunalijua vizuri ila hatulitangazi. Mtambo haukatai. Mtambo unakadiria tu, halafu kuna mtu mahali fulani aliyeshaamua ni kadirio la kiasi gani lihesabiwe kuwa "ndiyo" na la kiasi gani liwe "la". Huyo mtu hujawahi kumwona. Karani aliye dirishani naye hajawahi kumwona.

Kila baada ya miaka michache huzuka mkubwa fulani, waziri au mshauri mwenye tai nzuri, akituahidi kwamba tukishaweka kila kitu kwenye tarakilishi, maafisa wa chini hawatapata tena nafasi ya kuamua kwa vichwa vyao. Wenzangu wengi wa teknolojia hupiga makofi. Mimi nasema ahadi hiyo ni ya uongo, tena inaumiza watu. Afisa wa chini ataendelea kuamua, kwa sababu kazi yake yenyewe ndiyo hiyo: kuamua huku habari hazitoshi na foleni imefika langoni. Tunachofanya sisi ni kumnyang'anya mahali pa kusema kwamba habari hazitoshi.

Tumchukue karani wa vitambulisho. Mbele yake ameketi kijana wa miaka 18. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho cha baba kinasema Muhamed, cheti cha shule kina jina la tatu ambalo hakuna anayejua lilitoka wapi. Babu alifariki bila karatasi yoyote. Mji wenyewe uko karibu na mpaka. Je, huyu ni Mkenya? Karani hajui. Si mjinga wala si mvivu, hajui tu, na hata wewe ungeketi pale hungejua.

Sasa mbele yake kuna makosa mawili anayoweza kufanya. Anaweza kumpa mgeni kitambulisho, au anaweza kumnyima Mkenya. La kwanza likigunduliwa, karani huyo atatafutwa kwa jina, atahojiwa, pengine ashtakiwe na picha yake itoke gazetini. La pili halina mtu wa kuligundua. Kijana ataenda zake, atakosa kazi, atakosa laini ya simu, atakosa kujiandikisha kupiga kura, ataogopa kila kizuizi cha polisi barabarani, na hakuna ripoti yoyote ya mwisho wa mwezi itakayomtaja. Basi mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atasema, "Lete kitambulisho cha babu." Kikikosekana, "Lete barua ya chifu." Barua ikija, "Hii haina muhuri mzuri, kuja Alhamisi."

Hivyo ndivyo shaka inavyoshughulikiwa katika ofisi nyingi za umma: haitatuliwi, inafungwa kwenye furushi na kubebeshwa mwombaji arudi nayo nyumbani. Mmarekani mmoja, Michael Lipsky, aliandika kuhusu watumishi wa namna hii mwaka 1980. Hoja yake ilikuwa kwamba sera ya serikali ukitaka kuiona usiitafute bungeni, itazame pale dirishani, katika yale ambayo mwalimu, polisi na karani wanalazimika kubuni ili siku iishe. Hakuwa anaandika kuhusu Kenya lakini angeketi saa moja katika ofisi zetu asingehitaji mkalimani.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe haina ukali huo. Sheria ya Usajili wa Watu inamruhusu afisa kumtaka mwombaji athibitishe maelezo yake, lakini kwa ushahidi ulio ndani ya uwezo wa mwombaji kuuleta. Soma tena maneno hayo, ulio ndani ya uwezo wake. Kitambulisho cha babu aliyezikwa mwaka 1971 hakimo ndani ya uwezo wa kijana wa 2007. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka na kwa haki, na uamuzi ukimuumiza apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya utendaji wa haki serikalini ikaongeza nyama kwenye mfupa huo. Niambieni, ni nani kati yenu amewahi kupewa karatasi yenye sababu? Mimi nimewaona watu wengi wakipewa tarehe ya kurudi. Karatasi yenye sababu sijaiona.

Wanaobeba furushi hili tunawajua. Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan na kukaa Kibra vizazi kadhaa, walilazimika kupeleka kesi ya watoto wao hadi kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Maslahi ya Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikasema wazi kwamba Kenya imewakosea. Wakenya Wasomali walipigwa msasa nchi nzima mwaka 1989 na kupewa kadi za pekee za kuthibitisha kwamba ni raia. Historia ya kipande ni ndefu (sheria yake ya kwanza ilikuwa ya 1915, mwanamume Mwafrika akaja kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati) na sitaimaliza hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba shaka ya karani haimwangukii kila mtu sawa. Inawaangukia wale ambao majina yao au makwao tayari yanamtia karani wasiwasi.

Haya, sasa tuje kwetu sisi wa kompyuta.

Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza hifadhidata anajua amri ile ya kusema kwamba kisanduku fulani kisiachwe kitupu. Tunaipenda sana. Inaweka mambo safi. Na kila mtu aliyewahi kufungua data halisi iliyokusanywa na makarani anajua matokeo yake: utakuta kijiji kizima cha wazee waliozaliwa tarehe 1 Januari. Nambari za simu zenye sufuri saba. Jina la baba ni nukta. Ni nani aliyedanganya hapo? Mzee alisema ukweli, kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Karani aliusikia ukweli huo. Programu ndiyo iliyokataa kuupokea na kumlazimisha karani kubuni. Miaka ishirini baadaye karani mwingine, katika ofisi nyingine, atamwambia mzee huyo huyo kwamba tarehe zake hazilingani.

Niliwahi kufanya kazi katika timu iliyokuwa ikijenga mfumo wa usajili kwa taasisi moja ya umma, sitaitaja. Nilipendekeza kila sehemu muhimu iwe na chaguo la "haijulikani" na nafasi ya kueleza kwa nini. Mkuu wa mradi upande wa mteja alinitazama kama aliyetukana. "Tukiwapa hilo chaguo," akasema, "watalitumia." Ndiyo mzee, ndiyo sababu ya kuliweka! Alitaka ripoti inayoonyesha asilimia mia ya visanduku vimejazwa, na akaipata. Vilijazwa.

Lakini tarehe za kuzaliwa ni mchezo mdogo. Njooni kwenye vidole.

Kifaa cha kusoma alama za vidole hakitoi jibu la ndiyo au la. Kinatoa pointi za kufanana. Kidole cha leo hakifanani kabisa na kidole hicho hicho cha jana: kimelowa, kimekauka, kimebonyezwa kando. Mjenzi aliyeshika simiti miaka thelathini, mchuma chai wa Kericho, nyanya aliyeosha nguo za watu maisha yake yote, hao mistari yao imefutika. Kwa hivyo mhandisi huweka kizingiti: pointi kuanzia hapa kwenda juu tuseme ni mtu yule yule. Ukiinua kizingiti, wageni wachache watapenya lakini wenyeji wengi watakwama mlangoni. Ukikishusha, kinyume chake. Hakuna kizingiti kisicho na gharama, na hakuna hesabu itakayokuambia gharama ipi ni ya haki. Huo ni uamuzi wa kisiasa uliofichwa ndani ya faili ya mipangilio.

Halafu kuna kutafuta kidole kimoja kati ya mamilioni. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kifaa hukosea mara moja katika kila ulinganishaji 1,000,000. Kinasikika kizuri sana, sivyo? Sasa linganisha kidole cha mtu mmoja na watu milioni 20 waliomo kwenye hifadhidata. Utapata takriban watu 20 wanaofanana naye kimakosa. Ukitumia vidole kumi makosa yatapungua sana, hilo ni kweli, lakini hayafiki sufuri, na nchi inaandikisha watu kila siku. Muuza mitambo anayajua haya yote. Afisa aliye Garissa haonyeshwi chochote kati ya haya. Anaonyeshwa taa nyekundu.

Na hata mtambo ukiwa sahihi kabisa, bado haujui kitu. Kaskazini mashariki kuna maelfu ya Wakenya ambao alama zao za vidole zimo kwenye kumbukumbu za wakimbizi. Ilikuwaje? Kambi za Dadaab zilianza 1991, Somalia ikiwaka moto. Wenyeji wa pale ni wafugaji, na ukame ulipowamaliza mifugo waliona jirani zao kambini wakipata chakula, zahanati na shule. Familia nyingi zikajiandikisha, na watoto wao pia. Nani angekuwa na njaa asiandikishe? Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake, vidole vikafanana barabara na vya mkimbizi. Taa nyekundu. Mtambo umesema kweli: ni vidole vya mtu mmoja. Swali la kama mtu huyo ni Mkenya, mtambo haukuulizwa na hauwezi kulijibu. Lakini jibu lake likachukuliwa kuwa ndilo jibu, na vijana wakakaa miaka na miaka bila kitambulisho wakisubiri kamati ije iwapige msasa.

Hapa ndipo ninapowakasirikia wenzangu. Karani wa zamani, pamoja na ubaya wake wote, aliweza kusikia kisa cha njaa akaelewa. Huyu wa sasa tumempa kioo chenye rangi mbili. Akisikia kisa na akakiamini, hana pa kukiandika.

Msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Australia, nchi tajiri yenye wataalamu tele, ilikuwa na mpango ulioitwa Robodebt. Awali mapato ya mtu anayepokea msaada wa serikali yakitiliwa shaka, mtumishi alikuwa akiyachunguza. Kisha wakaona hiyo ni kazi nyingi. Wakachukua mapato ya mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi, wakayagawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kana kwamba kibarua hulipwa kiasi kile kile mwaka mzima, na hesabu isipolingana mtu anaandikiwa deni na kuambiwa athibitishe kwamba hadaiwi. Unaliona furushi? Ni lile lile, ila sasa linabebeshwa watu laki kadhaa kwa usiku mmoja. Mpango ulikomeshwa, serikali ikaingia katika maridhiano mahakamani Novemba 2020 yaliyogharimu zaidi ya dola bilioni moja za nchi ile, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti kali Julai 2023.

Nasi hapa, tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, halafu fomula inakisia uwezo wake na kumpangia mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 na kila mtu anajua imetoka wapi. Mama wa kijijini mwenye nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe aliye Qatar anatajiwa kiasi, na mhudumu aliyemjazia maswali hana la kumweleza. Yeye mwenyewe haijui fomula. Alichonacho ni macho yake, yanayoona kwamba ndani ya nyumba ile ya mawe hakuna unga, na macho hayo hayana kisanduku kwenye simu aliyopewa.

Najua mtakachosema. "Ndugu, wewe unataka kuwarudishia maafisa nafasi ya kula hongo." Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza katika nchi hii. Barua za chifu zimeuzwa. Lakini hebu fikiri hongo huishi wapi. Huishi katika shaka isiyoandikwa. Karani anaposema tu "rudi Alhamisi", bila sababu, bila rekodi, bila mwisho, hapo ndipo mtu anapoingiza mkono mfukoni. Mwambie aandike: nimetilia shaka ombi hili, kwa sababu hii, tarehe hii, nambari yangu ya kazi ni hii. Sasa bei ya kuzusha shaka bure imepanda, maana msimamizi ataona kwamba dirisha namba tatu linatilia shaka maombi mara tano zaidi ya dirisha namba nne.

Wengine mtasema usalama. Nakumbuka Westgate 2013, nakumbuka Garissa, Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni. Hofu ya afisa wa mpakani si ya kuchezewa. Lakini mmoja wa washambuliaji wale wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu. Hata ungemwomba kitambulisho cha babu asingekwama.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka kitufe cha tatu. Pembeni ya "kubali" na "kataa" kuwe na "nina shaka", na kikibonyezwa kisipite bila sababu kuandikwa kwa lugha ambayo mwombaji anaielewa, na nakala yake itoke kwenye printa papo hapo apewe mkononi. Nataka saa ianze kuhesabu dakika hiyo, upande wa serikali. Baada ya siku kadhaa zilizowekwa na sheria, shaka ipande yenyewe hadi kwa mkubwa, na mkubwa huyo aamue kwa jina lake. Kazi ya kupekua kumbukumbu iwe ya ofisi, kwa sababu ofisi ndiyo yenye makabati! Kijana wa Mandera hawezi kufungua mafaili ya 1979, wao wanaweza. Na wakati akisubiri awe na karatasi halali ya kumwezesha kuishi. Afisa naye alindwe: aliyeandika shaka yake kwa uaminifu, au aliyekubali ombi na kueleza sababu zake, asitolewe kafara miaka mitatu baadaye mambo yakigeuka. Bila kinga hiyo hatabonyeza kitufe chochote, atarudi kwenye Alhamisi.

Kuandika hayo yote si kazi ya ajabu. Nimekaa nikayapima: ni majedwali machache, fomu moja, kengele ya muda, printa. Programu za kufuatilia hitilafu tunazotumia sisi wenyewe kila siku hufanya hivyo hivyo, hitilafu ina nambari, ina mwenyewe, ina tarehe, na haifungwi kwa kupuuzwa. Hitilafu ya kwenye tovuti ya kuuza viatu tunaipa heshima hiyo. Raia hatumpi.

Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba iliyopelekwa na Wanubi na wengine, ilikiri kwamba wapo watu wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati, ikasema mfumo usiendelee bila sheria za kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini huko Wajir tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa mipakani, na wengi walilia kwa furaha, nami nilifurahi. Ila karani yule bado ameketi pale pale na majina matatu yasiyolingana. Saini ya Wajir imemwambia asichofanya. Akishika cheti asichokiamini, afanye nini? Asipopewa jibu atatafuta lake, na tunajua litafanana na lipi.

Sasa wewe unayesoma hapa na una kandarasi ya kaunti au ya wizara, nina ombi dogo. Jumatatu ukifika kazini, andika amri moja ya kuhesabu ni watu wangapi kwenye hifadhidata yako walizaliwa tarehe 1 Januari, na ni maombi mangapi yamekaa "yanashughulikiwa" kwa zaidi ya mwaka mmoja. Usinitumie data ya mtu. Nitumie hizo nambari mbili tu.